Sketi Iliyofumuliwa Kila Muhula

Fundi cherehani yule alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mzito. Wateja walimpenda kwa vyote viwili: aliwapima viuno, akaandika, na siri ya nambari ikabaki daftarini. Bintiye wa miaka kumi na minne hata kumpima hakumpima. Kila muhula ukiisha, mtoto akiwa bafuni, mama aliichukua sketi yake ya shule, akafumua mishono ya ubavuni, akaachia kidogo, akashona upya, akapiga pasi, akaitundika msumarini. Binti aliivaa asijue kitu. Mama aliyaita hayo mapenzi.

"Hongera, fundi, mwanao kanawiri," wateja walimwambia. "Wewe mwembamba kama sindano yako, yeye utadhani anakula na fungu lako."

"Akishiba yeye nimeshiba mimi," alijibu.

Nyuma ya shingo ya binti palipoanza kuwa peusi, mama alidhani ni uchafu. Akapasugua kwa dodoki mpaka mtoto akalia.

Kisha muuguzi aliyekuja kupima wanafunzi akawatuma hospitali. Damu ikachukuliwa, tumbo likapigwa picha. Daktari alikuwa mwanamke asiyemung'unya maneno.

"Ini lake limejaa mafuta."

"Daktari, mwanangu hajui hata harufu ya pombe."

"Sijasema pombe. Binti, soda unakunywa ngapi kwa siku?"

Binti akatazama viatu vyake. "Mbili. Kukiwa na joto, tatu."

"Na mchana unakula nini?"

"Chipsi. Kantini hawana kingine."

"Huo weusi wa shingoni si uchafu, mama. Ni dalili kwamba sukari inaushinda mwili. Kiuno kilianza kutanuka lini?"

Fundi akakosa pa kuweka uso. Wazazi wengine wangekisia. Yeye alijua hadi nusu inchi. Mihula mitano, inchi sita na nusu, zote amezifumua kwa vidole vyake na kuzinyamazia.

"Hamjachelewa," daktari alisema. "Aache soda, ale vya nyumbani, atembee, na ini litapona. Mkipuuza litaingia makovu, na makovu ya ini ni habari nyingine."

Kesho yake adhuhuri fundi alikuwa mbele ya mwalimu mkuu, akimweleza habari ya ini na kuomba kantini iuze maji na matunda.

"Ini ni ugonjwa wa walevi, mama," mwalimu mkuu alicheka. "Kampuni ya soda ndiyo iliyotujengea kantini. Tuifukuze kwa kitambi cha mtoto mmoja? Ila umekuja wakati mzuri. Wewe ndiye unayetushonea sare; sketi za mwakani tutilie mpira kiunoni. Hizi zinawabana."

"Zinawabana wangapi?"

"Ah, karibu nusu ya shule."

"Basi si mtoto mmoja, mwalimu. Na sketi hizo mtafutie fundi mwingine."

Alitoka akijua kwamba hakuwa na kazi kubwa kuliko ile. Kwenye dirisha la kantini akamkuta bintiye. Mtoto akaficha chupa nyuma ya mgongo.

"Jana tulikubaliana nini?"

"Bomba limekauka tangu Jumatatu, mama. Nina kiu."

Fundi akamgeukia muuzaji. "Dada, una maji?"

"Soda tu. Baridi, lakini."

Jua lilikuwa la utosini. Binti alisimama na chupa yake, midomo imekauka, akisubiri kuambiwa neno. Mama akageuza uso akatazama ukuta, na binti akanywa.