Wimbo wa Utosini

Kinyozi wetu sisi Wakenya wa Scarborough, hapa Toronto, hunyoa kwa ratiba: kisogoni huongelea hoki, pembeni vita vya huku na huko duniani, na akifika utosini hukuwekea wimbo aliougundua wiki hiyo, utake usitake. Vita huvipanga kama ligi, nani anaongoza, nani anashuka daraja. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa kwetu Kenya, runinga ilionyesha Eldoret ikiteketea. Kinyozi akazima mashine ya kunyolea. Mteja mgeni, kichwa kimenyolewa nusu, akamuuliza, "Kwani mzee, wewe ni wa upande gani?" Kinyozi akapuliza nywele kwenye mashine, taratibu, akahamishia runinga kwenye hoki. "Mimi ni wa Toronto," akasema. "Tunapigwa kila wiki, na majirani bado tunasalimiana." Akaendelea kunyoa. Alifika utosini, akamaliza, na wimbo hakuweka.