Nilipaka grisi ya garage kwenye processor, ndipo mzee wangu akanyanyuka kitini

Wakuu, salaam kutoka Buja, yaani Bujumbura.

Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe, na sehemu inayonitia aibu sijaikata. Mkitaka kucheka chekeni, mimi nimeshacheka.

Mimi ni mtoto wa fundi magari wa mtaa wa Buyenzi. Baba amekuwa akifungua injini za watu tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana aliteleza akaangukia kwenye shimo la garage, mguu wa kushoto ukavunjika vibaya. Daktari akamwambia garage basi, na kuendesha gari basi, maana mguu ule haukanyagi clutch tena.

Tangu hapo mzee akawa mtu wa barazani. Kiti, redio, sala, kiti. Mtu aliyekuwa akibishana na mtaa mzima kuhusu gearbox, sasa ukimsalimia anaitikia tu. Siku moja Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba yako anaisha na sisi tunamuangalia."

Neno hilo lilinikaa kifuani.

Nikapata wazo: nimrudishe kwenye usukani, hata kama ni wa kwenye screen. Nilikuwa na desktop ya zamani, zile za ofisi zinazoletwa occasion, yaani zimeshatumika, kutoka Ulaya. Kasha jembamba, Core i5 ya enzi hizo, RAM 4GB, hard disk inayosaga kama kinu. Nilijaribu game ya magari, ikawa inaenda picha kwa picha. Unakata kona leo, gari linafika kesho.

Nikauza simu yangu ya pili. Hela ikatosha vitu vitatu, vyote used: RAM nyingine ya 4GB, SSD ndogo, na graphics card fupi isiyohitaji waya wake wa umeme, kwa sababu power supply za kompyuta za ofisi ni dhaifu.

Wenye bajeti kama yangu, pimeni kwanza upana wa kasha. Card ya kwanza ilikuwa pana kuliko kasha, nikarudi nayo dukani, na muuzaji, Mungu ambariki, akanibadilishia bila maneno mengi.

Jumamosi baada ya adhuhuri nikafunga kila kitu mezani sebuleni. Katika kusafisha vumbi nikang'oa na feni ya processor. Chini yake ile dawa ya kupitisha joto, thermal paste, ilikuwa imekauka kama ugali wa jana. Nikaifuta yote. Ndipo nikakumbuka sijanunua nyingine.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto wa garage. Kwetu sisi, kitu kikipata joto kinapakwa grisi. Hilo nimelikuta nyumbani, sijawahi kuliuliza. Nikaenda kwenye sanduku la mzee, lililokuwa limefungwa tangu aanguke, nikachota grisi ya bearing kwa kidole, nikapaka processor. Na sikuwa bahili.

Mashine ikawaka. Windows ndani ya sekunde chache, nikajiona engineer. Game ikateleza vizuri dakika kama kumi. Halafu feni ikaanza kulia, picha zikaganda, ikazima. Nikawasha, ikazima tena. Mara ya tatu ikatoa harufu.

Nikashika kichwa. Simu imeenda, kompyuta inaelekea kufa, na mzee niliyetaka kumfanyia surprise yuko nje na redio yake.

Nikasikia fimbo. Baba kaingia mwenyewe, bila kuitwa, kitu ambacho hakikuwa kimetokea kwa miezi. Akasimama mlangoni ananusa.

"Nani anachoma grisi yangu?"

Nikaeleza yote, mpaka simu niliyouza, maana ukishakutwa na grisi kidoleni huna cha kuficha. Akavuta kiti, akaweka fimbo chini, akaniambia nifungue. Akaikagua ile processor.

"Grisi ni ya vitu vyenye vinasuguana," akasema. "Hapa kitu gani inasuguana na ingine?"

"Apana, Baba. Hakuna."

"Basi. Moto inatafuta kutoka, na we umeifungia njia."

Wakuu, nimesomeshwa mpaka chuo kwa pesa ya grisi ile ile, na hilo la kusuguana sikuwa nalijua.

Akapapasa kasha, akauliza hewa inaingilia wapi. Nikamwonyesha vitundu vya mbele. Akasema hata gari yenye radiateur iliyoziba ina pumzi kushinda hii, akaagiza sanduku lake. Akanilazimisha nitoe motherboard na kila kilichomo, vipande vya bati visije vikabaki ndani. Kisha kwa mkasi wake wa bati akakata dirisha ubavuni, mkabala na feni, akapiga tupa kingo zote mpaka nikapitisha kidole bila kukwaruzika. Mama alipita, akasimama kidogo, akarudi jikoni.

Jumatatu nikapata thermal paste kwa fundi wa simu mjini. Nikafuta grisi yote kwa alcool ya pharmacie, ile spiriti ya duka la dawa, nikaweka tone dogo tu. Haijazima tangu siku hiyo. Kwa settings za chini napata FPS (picha kwa sekunde) 45 hadi 50, na kwangu hiyo ni sherehe.

Nikampa Baba manette, kile kidude cha mkononi cha kuchezea game. Swali lake la kwanza: "Essence iko?"

Nikamwambia humu petroli haiishi. Akacheka mpaka akakohoa. Mnaokaa Buja na foleni zake za petroli mnajua alichokuwa anachekea.

Aliendesha pole pole, magari yote yakampita, hakujali. Alipogonga ukuta na moshi ukaanza kutoka, akasimamisha gari kando ya barabara.

"Capot inafungukia wapi?"

Nikamwambia boneti ya kwenye game haifunguki. Akanigeukia.

"Mutu anaendesha gari yenye hawezi kufungua?"



Kesho yake natoka kazini, nakuta kompyuta iko wazi mezani. RAM mbili, card, feni, vyote vimepangwa juu ya kitambaa kwa mfuatano wa kutolewa, vile alivyokuwa akipanga nati za watu. Baba anapiga vumbi kwa brashi ya rangi.

"Ile capot yako haifunguki," akasema, "basi mi nimefungua hii."

Akarudisha kila kitu mwenyewe. Ikawaka mara ya kwanza.

Sasa jirani ameleta laptop yake inayopata joto, na jana nimewakuta barazani wanabishana kuhusu feni. Redio ilikuwa imezimwa.

Nilichojifunza: kabla ya kununua card, angalia kwanza hewa na vumbi, na paste isikose kwenye orodha. Na kama nyumbani kuna fundi, achana na surprise, muite mezani tangu mwanzo.

Wa kunicheka na wa kuniongezea maarifa, uwanja ni wenu. Ila mzee yuko hapa pembeni yangu, ameniagiza niwaulize: kuna game ambayo capot inafunguka na mtu anatengeneza injini kwa mikono yake? Iwe nyepesi, RAM yetu ni nane tu.