Sanduku la Kwaya Lililorudi kutoka Ubwari

Dorothée alikuwa mtu wa vibandiko. Kila kitu nyumbani kwake, katika mji wa Baraka kando ya ziwa, kilikuwa na kibandiko cha maandishi mekundu: debe la unga, funguo, hata kiti cha mama yake. Na juu ya sanduku dogo jeusi lenye diski ya kompyuta, lililohifadhi nyimbo za kwaya, aliandika: USIGUSE. Wanakwaya waliona amezidi. Lakini yeye alikuwa katibu wao, tena aliwahi kufanya kazi ya kompyuta Uvira, basi mambo ya mashine walimwachia yeye, wakabaki na haki ya kumcheka.

Wanakwaya hao hawasomi noti; kila mmoja hujifunza sauti yake kwa sikio. Kwa hiyo Dorothée alirekodi mazoezi, akayatia sandukuni, na sanduku akaliunganisha na ruta ya nyumbani, ile mashine inayogawa mtandao. Akifungua kompyuta yake alizikuta nyimbo zote kwenye diski iitwayo Z, kana kwamba zimo humo humo ndani ya kompyuta. Watu walikuja na simu zao, wakaondoka na nyimbo.

Vita vilipoukaribia mji, mwaka 2017, Dorothée alimvusha mama yake mgonjwa hadi Kigoma. Mashua ilijaa, mfuko mmoja kwa kila mtu, na wake ulikuwa na kompyuta. Sanduku alilichukua Raphaël, kiongozi wa tenor, aliyekuwa akikimbilia rasi ya Ubwari na mkewe Aline. Dorothée alilifunga kwa kitenge, akamkabidhi, na badala ya kumuaga akamwambia: "Lakini usiguse kitu, Raphaël. Uko unasikia? Usiguse."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwake. Homa ilimwua Raphaël huko Ubwari, mwezi mmoja kabla watu hawajaanza kurudi.

Wote waliporudi Baraka, Aline alilirudisha sanduku na kitenge chake. Jumamosi ingekuwa siku ya kuondoa matanga, naye mjane aliomba jambo moja tu: kwaya iimbe wimbo ambao mumewe aliutunga siku chache kabla ya vita. Walikuwa wameufanyia mazoezi mara moja tu, na sasa ikadhihirika kwamba hakuna aliyeukumbuka. Besi walikuwa na kipande, alto walikuwa na kipande kingine, na vipande hivyo havikutaka kukutana. Tumaini lililobaki lilikuwa sandukuni.

Jumatano asubuhi Dorothée akawasha kompyuta. Diski Z ilikuwa na alama nyekundu ya X. Akabonyeza. Kompyuta ikawaza weee, kisha ikamjibu kwa Kifaransa chake cha ofisini kwamba njia haikuonekana. Akazima ruta, akawasha. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Akaifuta Z na kuiunganisha upya. Wapi.

Bonaventure, mwimba besi anayetengeneza simu sokoni, akaja akalitikisa sanduku sikioni.

"Disque ilisha kufa, dada," alisema. "Tufute yote, tuanze mupya."

"Kama ilikufa, mbona taa iko inawaka?"

"Taa ni taa tu."

Dorothée akamwomba aliweke sanduku chini, kwa adabu iliyokuwa imebakia kidogo sana. Taa ilikuwa ya kijani, na diski ilisikika ikizunguka. Sanduku lilikuwa zima. Basi kuna mtu aliyebadilisha kitu, na mtu huyo alimjua. Akaenda kwa Aline amefura, akijikumbusha njia nzima kwamba anakwenda kwa mjane.

"Kule Ubwari, alikuwa anaichomeka fasi gani?"

"Kwa Papa Jafari, mwenye mashua. Kwake kuko panneau ya umeme wa jua na ruta," Aline alijibu. "Alikuwa anafunga mulango, anaimba yeye moja. Anaimba mupaka na sauti ya bamama. Mi nilizani homa imepanda mu kichwa."

Dorothée akampigia Jafari simu.

"Ule mutu alikuwa muzuri," Jafari alisema. "Hapa courant ikikatika, ruta inapatia sanduku namba ingine, na batu banaikosa mu simu. Ndiyo akaipatia namba moja ya kudumu. Aliandika na makaa mu ukuta, ili batu ba kwaya bote baione. Iko mupaka leo."

"Batu ba kwaya gani?"

"Ni benu, bale balikimbilia huku. Kila juma balikuwa banakuja kuchukua nyimbo, mupaka siku homa ilimushika."

Akamsomea namba ukutani. Dorothée akailinganisha na ya ruta yake, akaelewa. Sanduku lilikuwa bado linaishi Ubwari. Lilishika anwani ya nyumba ya Jafari, na namba za nyumbani kwa Dorothée zilikuwa za ukoo mwingine kabisa. Akaliunganisha na kompyuta kwa waya, bila ruta, akaipa kompyuta namba ya ukoo wa Ubwari, na mlango ukafunguka. Akaliamuru sanduku lipokee namba kutoka ruta ya nyumbani, akalirudisha mahali pake, akaiunganisha Z kwa jina la sanduku badala ya namba. Alama nyekundu ikaondoka. Akamshukuru Mungu kwa sauti, na mama yake akaitikia amina kutoka jikoni bila kujua ni ya nini.

Furaha hiyo ilidumu dakika nne, urefu wa wimbo. Siku ile ya mazoezi mvua ilinyesha juu ya mabati ya kanisa, na alichorekodi Dorothée kilikuwa mvua. Akainamia meza akalia. Alipoinua kichwa aliona folda ambayo hakuitengeneza yeye: UBWARI. Ndani mlikuwa na faili nne: besi, tenor, alto, soprano. Akaifungua ya kwanza.

"Dorothée, usikasirike," ilisema sauti ya Raphaël, kisha ikakohoa. "Niligusa. Niliona batu batasahau wimbo, ndiyo nikaimba sauti zote mi moja. Ya soprano usiicheke."

Aliicheka. Ilikuwa sauti ya mwanamume mwenye ndevu akipanda pasipopandika, na kila noti ilikuwa mahali pake. Alicheka huku machozi yanamtoka, akamshukuru Raphaël kwa jina lake, kwa kugusa, kwa kutomsikiliza.

Siku mbili zilizofuata simu za kwaya zilijaa wimbo. Katika ubeti wa pili wa soprano, Raphaël aliishiwa pumzi katikati ya neno, akanyamaza, akaendelea. Soprano, wanaojifunza kwa sikio, wakajifunza na kunyamaza huko. Bonaventure alitaka wasahihishwe. Dorothée, aliyezoea kusahihisha hata salamu za watu, alikataa.

Jumamosi, uani kwa Aline, sauti nne zikakutana. Ubeti wa pili ulipofika, soprano wote wakanyamaza katikati ya neno, na Aline akainua kichwa. Alikuwa ameiuguza pumzi ile kwa wiki tatu.

"Aksanti," alimwambia Dorothée baadaye, akimshika mikono yote miwili. "Mumemuimba mupaka na fasi alikuwa anachoka."

Kwaya bado inauimba hivyo, na sanduku halina tena kibandiko.