Safu ya Nyamarambe

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hapa Kisii walikuwa wakisoma makala za utafiti kama wasomavyo Biblia, wakiamini kila mstari. Nikawazoeza kuruka muhtasari na kwenda moja kwa moja kwenye jedwali, wajiulize nani alipima nini, wapi, na kwa njia gani.

Muhula huo niliwapa makala niliyoandika na mwalimu wangu wa zamani, aliyenisimamia katika shahada ya uzamili na ndiye aliyenifundisha kusoma hivyo. Ililinganisha asidi ya udongo wa mashamba ya chai ya Gesima na ule wa Nyamarambe. Gesima nilichimba mwenyewe, magoti kwenye tope. Nyamarambe alienda yeye, ndivyo alivyoniambia.

Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliinua mkono.

"Madam, Nyamarambe mlichimba wapi? Kwetu ni huko. Udongo wetu hauna asidi nyingi hivi."

Nilimjibu kwamba kudhani si ushahidi. Akaja mbele na daftari lake. Alikuwa amezigeuza namba za Nyamarambe, ya mwisho ikawa ya kwanza, akaziandika kando ya zile za Gesima. Zilikuwa zile zile, ila tarakimu ya mwisho ilibadilishwa hapa na pale. Nikasema tutaendelea wiki ijayo, nikatoka kabla yao.

Jumapili nilikwenda kwa mwalimu wangu, Birongo. Amestaafu, nilimkuta akikata majani makavu ya migomba. Alinikaribisha chai, akauliza habari za watoto. Nikaliweka jedwali mezani, nikamweleza alichokigundua yule msichana darasani.

"Mwalimu, Nyamarambe ulienda?"

Aliliangalia. "Mvua ilikuwa mbaya mwaka ule," akasema. "Na wewe ulihitaji makala ili uajiriwe."

"Sikukuomba unidanganye."

"Ulitia sahihi, mwanangu. Uliisoma?"

Sikuwa nimeisoma. Nililitafuta jina langu tu, nikaliona likifuata lake, nikafurahi. Nilitamani aombe radhi. Badala yake aliniongezea chai, akaniambia kwamba wote hufanya hivyo na kwamba yule msichana ataacha maswali akipata kazi. Hapo ndipo nilipomwogopa. Miaka yote ile nilikuwa nikimnukuu darasani.

Jumatatu niliandikia jarida kuomba makala iondolewe, nikamtumia mwalimu nakala. Hakujibu. Darasani niliwaeleza wanafunzi kila kitu, kosa langu likiwemo. Msichana akauliza kama nitafukuzwa. Nikamwambia sijui.

Sikufukuzwa, ila ombi langu la kupandishwa cheo lilirudishwa. Makala iliondolewa. Mwalimu amewaambia wenzetu kwamba nilimharibia jina kwa sababu ya wivu, na wapo wanaomwamini. Tukikutana sokoni hunipita kana kwamba hakuwahi kunifundisha. Mimi bado humsalimia, halafu nakasirika njia nzima hadi nyumbani.