Mbishi na Grisi ya Trela ya Boti

Jina lake la karakana ni Mbishi. Meneja alimpa kwa hasira, yeye akalipokea kwa mikono miwili, na sasa limeshonwa kwa uzi mwekundu kwenye mfuko wa ovaroli yake. Ni dada wa mke wangu, yaani shemeji yangu, na anayetaka kumsema vibaya mbele yangu afunge kwanza kamba za viatu.

Aliajiriwa hapa miaka kumi na tisa iliyopita kufagia. Karibu na mafundi alikuwa anafagia taratibu kupita kiasi, macho kwenye mikono yao. Siku fundi wa magurudumu alipougua, aliegemeza ufagio ukutani akafunga beringi nne peke yake. Wakamcheka weee, mpaka trela ilipokwenda na kurudi salama.

Sasa sikilizeni la mwezi uliopita. Tulikuwa na boti ya abiria ya kushusha ziwani, nzito kama nini, juu ya trela yenye breki zake yenyewe. Dereva ni mimi. Barabara ya kushukia ni mteremko wa kilomita saba, kona juu ya kona, na kule chini trela inarudishwa nyuma mpaka magurudumu yazame ndipo boti ielee. Mtunza stoo alileta ndoo ya grisi ya buluu, sifa zimemjaa mdomoni: trela ya boti inaingia majini, grisi hii haioshwi na maji, basi kwisha maneno. Tena akataka ishindiliwe juu ya ile ya zamani, tuwahi.

Shemeji alivaa miwani, akasoma maandishi ya ndoo mpaka chini kabisa. Akasema hiyo ingefaa trela isiyo na breki. Hii yetu ikishuka mteremko, breki zinapasha moto habu, yaani vitovu vya magurudumu vyenye beringi ndani, na grisi isiyostahimili joto inayeyuka kama siagi, inavuja mpaka kwenye breki zenyewe. Halafu habu ya moto ukiitumbukiza kwenye maji baridi, inavuta maji ndani. Kwa hiyo inatakiwa grisi ya kuhimili vyote viwili, joto na maji, na ya zamani itolewe yote, maana grisi mbili zisizopatana zikichanganyika zinageuka uji. Mtunza stoo akauliza tangu lini mfagiaji akawa mhandisi.

Meneja akaja juu. Mwenye boti anasubiri, akasema, na akampa Mbishi dakika tano awe ameshindilia hiyo ya buluu. Shemeji akaenda zake kukaa juu ya mkono wa trela, pale unapofungwa kwenye gari, akakunja nne.

"Aliyechagua grisi hii apande gari na shemeji yangu," akasema. "Mimi nitabaki hapa kuwaaga."

Mtunza stoo akajitia hamnazo, mara akakumbuka ana kazi stoo. Meneja akanigeukia, akaniuliza kama naendesha au naacha kazi. Niseme ukweli, niliogopa. Nina watoto watatu na kazi ni hiyo hiyo moja. Lakini ule mteremko naujua, na nilikasirika kuona roho yangu inapimwa kwa dakika. Nikamwambia gari siliwashi mpaka Mbishi aseme.

Ikabidi itafutwe grisi inayofaa, nayo ikapatikana saa tisa alasiri. Shemeji alitoa beringi zote, akaziosha, akazikausha, akashindilia grisi mpya kwa kiganja mpaka ikatokeza upande wa pili. Kisha akapanda mbele, kando yangu, bila kuambiwa na mtu. Njia nzima alinisimanga jinsi ninavyobadilisha gia. Kila kona nilikanyaga breki, na kila kona zilishika. Kule chini alizuia trela isiguse maji mpaka habu zipoe, na mwenye boti alipolalamika akaambiwa atafute kivuli akae.

Kesho yake meneja alituita sote, akamkabidhi barua ya onyo: amechelewesha kazi makusudi kwa saa tano. Aweke saini hapo hapo. Shemeji akaazima kalamu yangu, akasaini, halafu chini ya saini akaongeza mstari kwa herufi kubwa, huku akiusoma kwa sauti ili hata mtunza stoo asikie:

"Ndiyo, makusudi. Na nitachelewesha tena."