Bluzi Nilizozichagua kama Uyoga

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anakaa Mofu, karibu na mto, na mvua zikishika vizuri alikuwa ananituma kwenye vichuguu kuchuma uyoga. Kaburi lake liko hukohuko. Sijaliona miaka mingi sana, na sababu ni moja tu, kwamba njia ya Mofu inapita Ifakara. Hayo ya Ifakara nitayasema. Ngoja nianze na uyoga, maana bila uyoga hayaeleweki.

Nilikuwa na miaka saba, au nane. Bibi alinifundisha hivi: uyoga unaopendeza macho uuache palepale. Mwekundu, wa njano, wenye madoa kama kitenge kipya, huo unaua. Wa kula ni ule wa rangi ya vumbi, uliochakaa kama kaniki ya shambani. Basi siku moja nikaona mmoja mwekundu chini ya mti, mzuri ajabu, nikaung'ata. Kidogo tu, kama ukucha wa kidole kidogo. Na kwa ujinga wangu nikautia kikapuni pamoja na mwingine.

Bibi alipomwaga kikapu akauona. Akaushika kwa jani.

"Mume wangu," akaniuliza, ndivyo alivyokuwa ananiita, "huu umeng'atwa na wewe au na panya?"

Nikasema panya.

Akautupa mbali, akaenda kuwasha moto. Mimi nikakaa kwenye kizingiti nasubiri kufa. Kusema siwezi, nimeshasema panya. Niliangalia kuku, niliangalia siafu, nikawa naona mikono yangu imevimba. Nikamuuliza, "Bibi, mtu akifa anasikia njaa?" Akacheka, akaniambia nile kwanza, habari za kufa atanieleza nikishiba. Sikufa, ni wazi. Niliharisha siku tatu. Lakini ile hofu, kwamba kosa limeshamezwa na sasa linashuka polepole kuelekea tumboni na wewe umekaa tu unalisubiri, ile hofu nilikutana nayo tena mara moja nikiwa mtu mzima, na ilikuwa kwa sababu ya kanda za mziki.

Shule niliacha darasa la pili. Mwalimu alihama, na mimi nikahama. Haya maandishi mnayosoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la wazee la kanisani, wakati huo nywele zimeshaanza kutoka mvi. Kwa hiyo mjue kwamba hapo Ifakara ninapopasema nilikuwa najua kuandika jina langu tu, na hata hilo kwa kujishika shika. Mwaka wenyewe siukumbuki. Ni ile miaka ya tisini, vyama vingi vimeshaingia.

Tajiri mmoja pale mjini alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, ghala, na baa yenye ukumbi, vyote katika uwanja mmoja. Alikuwa anatafuta mtu wa kupiga disko. Nikaenda, nikamwambia nimepiga disko Morogoro. Niseme ukweli, Morogoro nilikuwa nafagia ukumbi. Lakini ukifagia ukumbi unamwona anayebonyeza mashine, na kubonyeza si kazi kubwa. Kazi ni kujua kanda ipi ni ipi. Hapo niliomba rangi ya kucha kwa mhudumu mmoja wa baa, mama mkarimu, nikatia alama. Kanda nikishaisikiliza, doa moja ni la kuchangamsha watu, madoa mawili ni dansi la Kikongo, na matatu ni bluzi.

Bluzi kwetu ilikuwa jambo moja. Ukisema "sasa bluzi, shika mwenzio," watu wanasogeleana, wanacheza polepole wawili wawili, mama wa jikoni wanachungulia dirishani. Bluzi ilikuwa hiyo, nasi hatukujua nyingine. Nilikaa mwaka na nusu watu wananiita fundi, hakuna aliyegundua kwamba sisomi.

Ila nililala na hofu mwaka na nusu wote. Tajiri yule hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayeungama, huku anazungusha funguo za ghala kwenye kidole. Aliyenitangulia kwenye mashine aliharibu shughuli ya mgeni mmoja mkubwa, kanda ililiwa na deki, mziki ukakatika katikati. Tajiri akamwambia, "Nifuate ghalani, nina neno na wewe." Akamfungia mle siku mbili. Bati tupu juu, jua la Ifakara mnalijua, magunia na panya, hakuna maji. Waliokuja kukoboa mpunga walimsikia analia, wakaendelea kupanga foleni. Siku ya pili alifunguliwa midomo imepasuka, akapanda treni ya kwenda Mlimba bila kuchukua hata mashati yake. Habari hiyo kila mtu aliijua, na hakuna aliyeisema tajiri akiwa karibu.

Basi, tajiri akawa anakaribia jubilei ya ndoa, miaka ishirini na mitano. Misa, halafu sherehe palepale ukumbini mchana, padre yupo, ndugu zake kutoka Mahenge wapo. Akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, mimi na mama watoto tutafungua mziki. Nataka bluzi. Za zamani, zile za ujana wetu, na za kisasa kwa ajili ya hawa watoto. Hizi zako zimechoka."

"Sawa mzee."

"Yule mzungu wa mbu anarudi kwao, anauza vitu. Ana kabati zima la kanda. Nenda kachague wewe unayejua."

Akanipa bahasha ya pesa ya kumpelekea mzungu. Halafu akasema polepole, "Siku yangu hiyo, fundi. Usiniaibishe mbele ya mama yangu."

Zile funguo zilikuwa zinazunguka.

Mzungu wa mbu tulimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kukamata mbu na kuwachungulia kwenye darubini, na watoto walikuwa wanamuuliza kama ameshampata dume. Mtu mzuri, Kiswahili anakijua, cha kitabu lakini anakijua. Akanikaribisha barazani, akafungua kabati. Ndugu zangu, nilikuwa sijaona kanda nyingi hivyo. Safu kwa safu, na zote hazina hata doa moja la rangi ya kucha. Maandishi matupu, madogo kama mayai ya chawa.

Nikajifanya nazihesabu.

"Unataka bluzi tu?" akaniuliza. "Au unataka na soli?"

Nikatazama viatu vyangu. Nilifikiri anauza na vitu vya fundi viatu.

"Hapana, asante," nikasema. "Soli zangu bado nzima."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Alidhani natania. Nami nikacheka, kicheko cha kuogopa, kwa sababu sikujua tunacheka nini. Nimekuja kujua baadaye sana kwamba soli ni mziki wa Wamarekani weusi, tena ndio huohuo tuliokuwa tunauita bluzi, ule laini wa kushikana. Nilichokitafuta nilikuwa nimekikataa kwa mdomo wangu.

"Haya, bluzi," akasema. "Zile safu mbili za chini. Chagua, mimi nafunga masanduku."

Redio yake ilikuwa imeshafungwa kwenye sanduku, nami sikuthubutu kumwomba aifungue. Fundi gani anaomba kusikiliza? Fundi anasoma. Nikachuchumaa, nikachukua kanda moja, nikaigeuza nyuma, nikatikisa kichwa kama mtu anayesoma. Nikaigeuza mbele. Picha tu ndizo nilizoweza kusoma. Kuna zilizokuwa na vijana wamevaa suti za kung'aa, meno nje, taa nyekundu na bluu. Na kuna nyingine za picha nyeusi na nyeupe, mzee amekaa kwenye kiti cha mbao, gitaa pajani, kofia imechakaa, nyuma yake ukuta wa mbao kama banda la kuku.

Mkono ukaenda kwenye zile za kung'aa. Hapo nikamsikia bibi. Naapa nilimsikia, na ile hofu ya kizingitini ikanishika palepale tumboni. Unaopendeza macho uuache. Nikarudisha mkono. Nikachagua zilizochakaa. Mzee kwenye kiti, nikachukua. Mzee mwingine, kipofu nadhani, nikachukua. Mzee kwenye reli, nikachukua. Nikapata kumi, zote za rangi ya vumbi.

Mzungu alipoziona akazishika moja moja, uso ukabadilika.

"Bwana," akasema, "wewe unajua kweli. Watu wote wanachagua hizi za kung'aa. Hizi ndizo bluzi zenyewe."

Moyo ukatulia kidogo. Lakini akaongeza, "Huyu nikimsikiliza silali." Nikajiuliza, bluzi ya kukosesha usingizi ni ipi? Wakati naondoka akanikimbilia getini, akanitia kanda ya kumi na moja mkononi. "Zawadi. Soli, kwa ajili ya viatu vyako!" Akacheka tena. Juu ilikuwa na picha ya mama mnene, gauni la kijani, mdomo mwekundu kama ule uyoga. Nikaitia mfukoni peke yake, nisiichanganye na nyingine.

Mtasema, kwa nini usizisikilize nyumbani? Jenereta lilikuwa linawashwa siku ya shughuli tu, na tajiri ndiye aliyeshika dizeli. Zilikuwa zimebaki siku nne. Chakula nikawa nakirudisha jikoni kama kilivyo. Yule mama wa rangi ya kucha akaniuliza, "Fundi, una malaria?" Nikasema ndiyo.

Siku yenyewe ikafika. Misa ilikwisha, watu wakala pilau, padre akabariki. Mama yake tajiri, bibi kizee sana, aliwekwa mbele kabisa na fimbo yake. Tajiri akasimama katikati na mkewe, kavaa suti, kamshika kiuno. Akaniangalia, akainua kidole.

Nikabonyeza.

Kwanza hakuna kitu, ni mtu anagonga mguu sakafuni. Halafu gitaa moja, linakwaruza. Halafu mzee akaanza. Haikuwa kuimba kule. Ilikuwa kuguna, mtu anaguna na kulia kutoka chini kabisa, anasema neno moja, ananyamaza, anaguna tena. Sikujua neno hata moja. Lakini nilijua analia nini. Tajiri na mkewe wamesimama, hawajui wapeleke mguu wapi.

Yule bibi kizee akapaza sauti, kiziwi kidogo yeye:

"Nani kafiwa?"

"Hakuna msiba, bibi," mtu akamjibu. "Ni mziki."

"Mziki gani mtu analia hivyo? Huyo kafungiwa. Mfungulieni!"

Watu wakaangua kicheko. Halafu kicheko kikakatika, chote kwa mara moja, maana kila mmoja alikumbuka ghala. Nikaona watu wanatazama chini, wanatazama sahani zao. Tajiri alitabasamu. Mkono wake ulishuka kutoka kwenye kiuno cha mkewe ukaingia mfukoni.

Nikabadilisha kanda. Ya pili ilikuwa na kinanda cha mdomo, kinalia kama treni imepotea. Mlevi mmoja akapiga kelele, "Fundi, weka bluzi! Hatukuja kusikiliza ng'ombe anachinjwa!" Safari hii hakuna aliyecheka. Ya tatu sikuithubutu. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa ile ya mama mwenye mdomo mwekundu. Niliona heri nife kwa uyoga mzuri.

Ikatoka sauti ya mama, laini, nzito, ngoma zinatembea polepole nyuma yake. Ukumbi ukapumua. Mke wa tajiri akaegemea bega la mumewe, wakaanza kucheza, na watu wakapiga vigelegele. Hata bibi kizee alikuwa anagongagonga fimbo. Wakacheza wimbo wa kwanza, wakacheza wa pili. Watu wakajaa katikati. Tajiri akamzungusha mkewe mpaka mbele ya meza yangu, na juu ya kichwa cha mkewe akaniambia, taratibu, bado anatabasamu:

"Upande huu ukiisha, nifuate ghalani. Nina neno na wewe."

Akazunguka, akaondoka.

Nikatazama kidirisha cha deki. Gurudumu la kushoto lilikuwa bado nene, linapungua. Labda alitaka kunipa gunia la mchele, watu wakiwa na jubilei huwa wanatoa. Nimelifikiri hilo mara nyingi. Labda. Lakini nilijua muda wangu wote uko mle kwenye gurudumu.

Nikapunguza taa za mashine kama mtu anayefanya kazi yake. Nikamwambia mama wa rangi ya kucha, "Nakwenda haja ndogo." Akasema, "Nenda, malaria hiyo." Nikatokea mlango wa nyuma. Mlango wa ghala ulikuwa wazi, ndani giza, sikutazama mara mbili. Shati langu lilikuwa kwenye kamba, bado bichi, nikaliacha. Nikapita nyuma ya mashine ya mpunga, kwenye pumba zinazozama miguu, nikashika barabara ya Kiberege. Nilitembea, sikukimbia, maana anayekimbia anaulizwa. Sauti ya yule mama ilinifuata mpaka kwenye tanuru za matofali. Halafu ikakatika, sijui ni upande umeisha au ni upepo, nami sikusimama kusikiliza.