Nanga Tuliyoivuta Kama Kisiki

Sisi wa Boito tunajua kung'oa kisiki cha chai. Unafunga mnyororo nyuma ya trekta, unakanyaga mafuta, na kisiki kinatoka na mizizi yake. Kwa elimu hiyo, na hiyo peke yake, kikundi chetu cha kufuga samaki kilinunua mashua yenye injini ndogo, tukaishusha kwenye bwawa lililofunika visiki vya mikaratusi.

Hakuna aliyejua kuogelea. Jaketi za kuelea tulikuwa nazo, lakini zilikaa stoo ndani ya nailoni, zikingoja siku ya kufungua mradi ili mgeni wa heshima azikute mpya. Hoja hiyo niliitoa mimi, na mwenyekiti aliyeipitisha alikuwa mimi.

Asubuhi moja nilitoka na shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, kulisha samaki. Tulipotaka kurudi, nanga ilikataa kutoka. Ilikuwa imenasa kwenye kisiki chini ya maji.

"Shemeji, hii ni kazi ya injini," nikasema. "Trekta huvuta kwa nyuma."

"Na mashua?"

"Mashua ni trekta ya maji."

Nikafungua kamba mbele, nikaifunga nyuma, kando ya injini. Nilijiona fundi.

Ukingoni alikuwepo mama mmoja, mchuma chai wa shamba jirani. Alikuwa ameishi miaka mingi kando ya ziwa na mumewe mvuvi kabla ya kuja huku kutafuta kazi. Aliweka kikapu chini, akapaza sauti.

"Wazee! Msifunge nyuma, maji yataingia! Rudisheni kamba mbele, muilegeze, mpite mpaka upande wa pili wa nanga, ndipo muivute polepole. Ikikataa, kateni kamba!"

"Mama, chuma chai yako," nikamjibu.

Shemeji akacheka. "Hata baiskeli hana, anatufunza injini!"

Nikafungua mafuta. Mashua iliruka mbele kidogo, kamba ikakaza, nyuma ikazama, na maji yakaingia bila kubisha hodi. Injini ikazimika. Shemeji akaanguka majini. Mimi nilishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili. Wa tatu, wa kumpa yeye, sikuwa nao.

Kichwa chake kilizama, kikaibuka, kikazama tena. Yule mama alikimbilia mtungi wa maziwa niliouacha ukingoni kungoja gari la maziwa. Akamwaga yote, akafunga kifuniko, akaingia majini na mtungi mbele yake. Mungu anisamehe, kwanza niliyasikitikia maziwa.

"Kumbatia mtungi!" akamwambia shemeji. "Mtungi, si mimi! Utatuzamisha wote!"

Akapiga maji kwa miguu, akimsukuma mpaka nchi kavu. Kisha akanigeukia.

"Na wewe mzee, unangoja nini? Kata kamba!"

Mfukoni nilikuwa na kisu. Nikaikata kamba, nyuma ya mashua ikainuka, nikapiga kasia hadi ukingoni nimelowa kama kuku wa mvua. Shemeji alikuwa akitapika maji. Mama alikuwa amekwisha kurudi kwenye chai yake, maana saa ya kupima majani ilikuwa karibu.

Jumapili nilisimama kanisani kutoa shukrani. Nilieleza jinsi kamba ilivyokaza, jinsi nilivyotumia akili, jinsi nilivyomfikia shemeji kwa mtungi. Mama sikumtaja. Kanisa lilipiga makofi. Shemeji aliketi benchi la tatu, mikono magotini.

Baada ya ibada nilimkuta nje ameshika kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, akielekea nyumba za wachuma chai.

"Unampelekea nani?" nikauliza, kana kwamba sijui.

"Aliyenitoa," akasema. "Wewe baki na makofi."